Miaka Niliyokuficha

Ngokolo, Shinyanga
Jumapili mchana

Mwanangu Minza,

Hali yako siiulizi, maana nakusikia unavyocheka. Uko ua wa pili kwa Mama Sofia unasukwa nywele za safari, na kwa jinsi kichwa chako kilivyojaa nywele nina saa mbili, labda tatu, kabla hujarudi kuulizia chai. Mimi nimekaa jikoni kwenye kigoda, daftari liko magotini. Barua hii nitaichomeka chini kabisa ya sanduku lako, katikati ya sare zako nyeupe. Ukiikuta huko Kibondo, keti kwanza.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji. Wewe ndiye nesi, wewe ndiye utakayewaambia wengine. Nina jambo moja tu, na nimejaribu kulisema mara tatu wiki hii nikashindwa. Jumanne nilianza, ukadhani nalia kwa sababu unaondoka, ukanikumbatia, nami nikanyamaza.

Nilikudanganya juu ya baba yako.

Unaikumbuka siku ile, miaka miwili iliyopita, uliporudi likizo kutoka chuoni. Tulikuwa tunachambua mchele. Ukaniuliza bila kuinua macho kwenye ungo, "Mama, ulinizaa ukiwa na miaka mingapi?"

Nilijua swali limetoka wapi. Wenzako walikuwa wameiona picha yetu wakakuuliza kama huyo ni dada yako. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na moja, na mimi kwa sura ni mtu wa ishirini na nne. Niliogopa, nikajibu neno la kwanza lililonijia mdomoni.

"Kumi na nne."

Uliendelea kuchambua. Kisha ukasema, "Na baba alikuwa na arobaini."

"Ndiyo," nikasema.

Jioni ile uliishusha picha yake ukutani, ukaiweka kabatini kifudifudi. Tangu hapo hujamtaja. Nilipokwenda Geita kupalilia kaburi lake ulisema una mtihani. Ulipojaza fomu za ajira nilikuona ukisita kwenye nafasi ya jina la baba, kalamu ikiwa juu. Umemchukia mtu mwema kuliko wote niliowahi kuwajua, kwa sababu mimi nilitaka kuokoa siri yangu. Na chuki hiyo nimeiacha ikae miaka miwili kwa kuwa ilinifaa. Nimefanya makosa mengi, Minza, lakini hilo ndilo linaloninyima raha ya chakula.

Ukweli ni kwamba leo ninapokuandikia nina miaka tisini. Nilikuzaa nikiwa na sitini na saba.

Najua ulichosoma, na najua utasema mwanamke wa umri huo hazai. Soma hadi mwisho, ndipo useme.

Jina Rehema unalolijua nililipata Geita. Nilizaliwa upande wa Kishapu nikaitwa Nkwimba, na mama yangu aliitwa Minza, kama wewe. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye kupika sana. Kwetu miti ilikwisha zamani, tukawa tunapikia mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, na nyumba ya kupikia haikuwa na dirisha. Moshi ule ulimla macho. Alipofika miaka hamsini na kitu yalikuwa mekundu, yanachuruzika machozi hata asipolia. Mwaka mmoja ng'ombe wa jirani walikufa sita kwa mfululizo, wakasema ni macho yale. Walimpa mpaka jua lizame awe ameondoka.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimeolewa kijiji cha pili, nina mtoto wa miaka minne. Nilifika nikamkuta njiani amejitwisha vyungu viwili na ngozi ya kulalia. Hakuwa akilia. Aliniambia, "Ng'wanone, rudi kwa mumeo, wasikuone nami." Ng'wanone maana yake mwanangu. Ndivyo nilivyokuwa nikikuita ulipokuwa mdogo na ulipokuwa mgonjwa.

Alikwenda kwa kaka yake akaishi msimu mmoja wa mvua, akafa. Kule hakuwa anapika, mke wa mjomba ndiye aliyepika. Nilipokwenda kumwona siku za mwisho macho yake yalikuwa yametakata, meupe kama ya mtoto mchanga. Lakini hakuna aliyetoka kijijini kuja kuyatazama.

Nilichojifunza siku zile nilijifunza vibaya. Nilijiambia kwamba uzee ndio uliomuua mama. Kama asingezeeka, wasingemgusa.

Basi nikamuaga mume wangu kwamba naenda kusalimia ndugu, nikatembea siku tatu hadi Usumbwa, upande wa pili wa Kahama, kwa mganga mmoja aliyeitwa Nshoma. Nilitegemea mtu wa kutisha. Nilimkuta mwanamke mfupi mwenye mafua, anapiga chafya kila mara, kaniki imefungwa ovyo.

"Watu huja hapa kutafuta watoto, au ng'ombe waliopotea," akaniambia. "Wewe Nkwimba unatafuta nini?"

"Nisizeeke."

Alipenga kamasi, akanitazama. "Usizeeke, au usiogopwe? Hayo ni mambo mawili, na dawa zake ni mbili."

"Ni jambo moja," nikasema. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, hakuna kitu nilichokuwa sijui.

Alinichanja chale tatu nyuma ya shingo, zile unazoziona ninapofunga nywele, akaninywesha kitu kichungu ndani ya maziwa. Kwa ujira wake alichukua shanga zangu za kiuno. Nilipoinuka kuondoka akasema, "Haina dawa ya kuiondoa. Nakwambia sasa, maana watu huniuliza wakiwa wamechelewa."

Miaka ya kwanza nilifurahi, sikufichi. Wenzangu walianza kunenepa na kukonda, meno yakawatoka kwa uzazi, mimi nikaendelea kuwa kama siku ile. Mume wangu alijivuna kwa ajili yangu. Nilikuwa nacheza ngoma za mavuno na wasichana, na vijana wageni waliuliza nimeposwa na nani. Hata sasa nikisikia ngoma upande wa mashambani baada ya pamba kuuzwa, miguu huwa inakumbuka. Zilikuwa siku nzuri, na sikujua kwamba zinahesabiwa.

Kisha binti yangu akafika miaka kumi na tisa, akaolewa jirani na pale tulipokaa, akashika mimba. Tuliposimama pamoja watu walitutazama mara mbili, kwa sababu mama alionekana sawasawa na mwana. Mwaka ule surua ilipita kijijini ikachukua watoto wengi. Asubuhi moja shemeji yangu alisimama mlangoni pa zizi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongelea mvua, "Watoto wanakufa, na mke wa kaka haongezi hata kunyanzi moja. Hiyo miaka anaitoa wapi?"

Hapo ndipo nilipomwelewa Nshoma. Mama yangu alifukuzwa kwa macho mekundu, na sasa ngozi yangu laini ndiyo iliyokuwa ushahidi. Mtu akitafutwa hakosi alama.

Niliondoka kabla ya adhuhuri, nimebeba mtungi kama naenda kisimani. Njia ilipita nyuma ya nyumba ya binti yangu. Nilimwona mgongo, anatwanga kwa mkono mmoja, mwingine ameushika kiunoni kwa sababu ya mimba. Kama ningemwita angegeuka. Sikumwita. Nilijua nikisimama sitaondoka, na woga ulikuwa umeshaniingia miguuni.

Huyo binti aliitwa Kabula.

Ndiyo, Minza. Bibi Kabula, aliyekulea, aliyekupeleka darasa la kwanza akiwa amekushika mkono, aliyekuwekea michembe ya viazi kwenye mfuko wa sketi. Hakuwa bibi yako. Alikuwa dada yako, na mimi ndimi niliyemzaa.

Nakuomba upumzike kidogo hapo. Na mimi nimeinuka kuchochea moto.

Nilikwenda Maganzo. Wachimbaji wa almasi walikuwa wakihitaji wanawake wa kuchekecha na kuosha changarawe, na hakuna aliyeuliza umetoka kwa nani. Nilijiita Tabu. Siku zile serikali ilikuwa inafundisha watu wazima kusoma, tukikaa chini ya bati mchana tukirudia a, e, i, o, u. Ndiyo shule yangu, darasa la saba nililokutajia halikuwapo. Mwalimu alinisifu mbele ya wazee, akisema tazameni vijana wanavyoshika haraka. Nilikuwa na miaka arobaini.

Baada ya miaka kumi na miwili watu walianza kunitazama mara mbili, nikahamia Kahama, Nyahanga, nikawa Mama Lishe wa madereva wa malori. Kila nilipohamia nilianza upya na shikamoo. Unajua ilivyo kwetu, mkubwa haamkii. Lakini mimi niliwaamkia watoto wadogo kwangu. Wanawake niliowazidi miaka thelathini waliniambia, "We binti, hebu nisaidie ndoo hiyo," nami nikaibeba. Nilidhani nitazoea. Heshima ni kama chumvi, huijui ladha yake mpaka ikosekane, na mimi nilikula bila chumvi miaka hamsini.

Kabula alinikuta sokoni Kahama. Yeye alikuwa na miaka thelathini na tisa, mimi nina hamsini na nane. Alikuja kuuza dengu. Alikuwa amekauka, jino moja la mbele halipo, na mguu wa kushoto anaukanyaga kwa tahadhari. Nilimtambua kwa namna alivyokuwa akipuliza makapi, akiinua kidevu. Nilisimama mbele ya mwanangu nikamwambia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema. Akanitazama. "Una sura ya mama yangu."

"Watu wanafanana."

"Wanafanana," akakubali, akanipimia dengu.

Wiki ya pili alikuja tena, akakaa kwenye banda langu akala wali, akaondoka. Wiki ya tatu alimaliza kula, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga, akaniambia kwa Kisukuma, polepole, ili wengine wasisikie, "Mimi si mtoto tena. Nimezaa wanne na nimezika wawili. Nina haki ya kujua kama mama yangu alikufa au alinikimbia."

Nilikuwa nimeshika upawa. Nikasema, "Alikukimbia."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa mzigo aliokuwa ameuagiza. Kisha akainuka akaanza kuosha sahani zangu. Aliziosha zote, na masufuria, na meza, na jua likageuka. Alipomaliza ndipo akanijia, akaniita "mayu", mama, na tukalia kule nyuma penye kuni ambako hapaonekani. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Alikuja tena wiki iliyofuata.

Nimewaza sana kwa nini ilinibidi nikanushe kwanza. Alikuwa amenipa mlango, nami nikaufunga. Ukweli ukija ukiwa unaulizwa kwa upole, mwanangu, ni vyema kuushika siku ile ile. Nasema hivyo nikijua kwamba nawe uliniuliza kwa upole, tukichambua mchele.

Sasa nikueleze habari za baba yako.

Nilikwenda Geita, Nyarugusu, nikiwa na miaka sitini na miwili, nikawapikia wachimbaji wa dhahabu. Athumani alikuwa mtu wa Ujiji, kazi yake kuweka matimba, ile miti inayozuia kuta za shimo zisiporomoke. Wengine walikuwa na haraka ya mwamba, yeye alikuwa na haraka ya miti. Aliwaambia, "Dhahabu imekaa humo tangu dunia ianze, haitakimbia kwa sababu tumemalizia nguzo moja." Walimcheka, lakini kila mmoja alitaka kushuka kwenye duara, yaani shimo, alilolifunga yeye.

Alikuwa akinunua uji kwangu mwaka mzima kabla hajasema neno la maana. Kisha akasema anataka kunioa, kwa ndoa ya kweli, sheikh awepo. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na alishaanza kuulizwa na watu kama haoni aibu kuchukua msichana mdogo. Hilo lilimsumbua. Alikuja asubuhi moja akaniambia, "Rehema, nimefikiri. Wewe ni mdogo sana. Ukisema nikuache, nitakuacha, na uji nitaendelea kununua."

Minza, ndivyo alivyokuwa yule uliyemgeuza kifudifudi.

Nilimwambia yote, jina langu, Nshoma, Kabula. Alikuwa ameketi juu ya gogo, anamenya maganda ya mti kwa panga. Aliacha.

"Una miaka mingapi?"

"Sitini na sita."

"Mama yangu mzazi ana sitini na moja," akasema.

Alirudi kumenya. Alimenya mti ule mpaka mwisho, akaulaza chini, akachukua mwingine, akaumaliza na huo. Nilishaanza kufikiria nitahamia wapi. Kisha akasimama, akavua kofia, akanijia pale nilipokuwa nimesimama na sufuria.

"Shikamoo," akasema.

Nilimwambia asinitanie.

"Sitanii. Mwaka mzima nimekuwa nikikuagiza maji ya kunywa bila hata kukuamkia. Nimekosa adabu."

Tangu siku ile, kila asubuhi, mlango ukiwa umefungwa, baba yako alikuwa akiniamkia kabla ya kunong'ona kitu kingine chochote. Nami nikaitikia marahaba, na kwa muda wa pumzi moja nilikuwa na umri wangu. Utakumbuka. Ulipokuwa na miaka minne ulitusikia, ukacheka mpaka ukakaa chini, ukasema baba anamwamkia mama, baba anadhani mama ni bibi. Alikubeba begani akakwambia, "Mkubwa huamkiwa." Jaribu kukumbuka sauti yake hapo. Ilikuwa nzito kidogo, na alikuwa ameanza kukohoa.

Wewe ulikuja bila kutegemewa. Mwili ambao Nshoma aliusimamisha ulikuwa bado ni wa miaka ishirini na nne kwa kila kitu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, nikawaza kwamba nawe nitakukimbia, kama Kabula. Athumani ndiye aliyekupa jina. Nilidhani atachagua la kwao, akauliza, "Mama yako aliitwa nani?" Nikamwambia. Akasema jina hilo halina mtu sasa, tulipe mtu.

Vumbi la mawe lilimwondoa ulipokuwa na miaka mitano. Alijua. Mwezi wa mwisho alinituma nimwite Kabula kutoka kwao, akiwa tayari mjane, akamwomba asituache. Kabula akasema, "Nitakuwa mama wa mama yangu mbele za watu, kwa sababu sura yangu inatosha." Walicheka wote wawili, baba yako akacheka mpaka kikohozi kikamzuia.

Ndivyo tulivyokuja Ngokolo, wanawake wawili na mtoto. Kabula alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mimi sabini na miwili, na majirani wote walijua kwamba yeye ni mama na mimi ni binti. Ile miaka ndiyo nikiifikiria moyo hunijaa. Kuna wakati ulirudi shuleni ukamkuta bibi yako amekaa kwenye mkeka, amenyoosha miguu, mimi namkanda magoti kwa mafuta ya pamba, ukasema, "Mama unampenda sana bibi." Nilikuwa nakanda magoti ya mtoto wangu aliyekuwa amezeeka kuliko mimi.

Kabula hakunionea wivu hata siku moja. Alinionea huruma. Siku moja aliniambia, "Mayu, nikufundishe kuzeeka?" Akanifundisha. Kuketi mbele ya nyumba bila kazi mkononi na kutoona haya. Kumwachia kijana ndoo. Kusema hapana bila kueleza sababu. Kusahau jina la mtu na kumwita tu mwanangu. Tulicheka, nami nikamwigiza, nikatembea kama mwenye mgongo. Lakini moyoni nilikuwa nikimtamani. Alipopita barabarani watoto walisimama kumwamkia, na wauza mboga walimwongezea fungu. Mama yangu alifukuzwa kwa uzee wake, na mjukuu wake akauvaa uzee ule ule kama nguo ya sikukuu, na watu wakampenda. Mtu ni yule yule. Majirani ndio waliokuwa wengine.

Kwenye msiba wake ulikuwapo, uliona. Kuna jambo moja hukuliona. Wanawe wawili waliokuja walijua mimi ni mtoto wa ndugu aliyelelewa na mama yao. Yule mkubwa, mwenye mvi, nilimkuta amesimama peke yake pembeni ya kaburi, nikaenda kusimama naye. Ni yule aliyekuwa tumboni siku ile niliyopita na mtungi. Akaniwekea mkono begani akasema, "Jikaze, mdogo wangu. Mama alikuwa amechoka." Nikamwambia, "Ndiyo, kaka." Wanawake walinifunika kanga wakanifariji kwa kufiwa na mama. Nilikuwa nimezika mwanangu, na hapakuwa na mtu hata mmoja duniani wa kunipa pole yake.

Kama Kabula angekuwa hai siku ya mchele, nisingethubutu. Angenitazama tu.

Utajiuliza kama na wewe utakuwa kama mimi. Hapana. Kabula alizeeka vizuri, na wewe nimeshakuona kamstari kadogo pembeni ya macho unapocheka, nikashukuru. Usikapake kitu.

Watu wa hapa wameanza kunitazama mara mbili. Wiki iliyopita bombani Mama Sofia alisema, "Mama Minza, hiyo dawa ya ngozi utugawie na sisi." Alicheka, wawili wakacheka, wawili hawakucheka. Kwa hesabu yangu ya zamani ningekuwa nimehama mwezi ujao, na jina jipya nimeshalichagua. Nilifikia hata kufunga vyombo siku ulipokwenda kuchukua barua ya kazi. Kisha nikavifungua. Nikihama, siku utakaporudi utapiga hodi kwa nani? Nilishamwacha mtoto mmoja akitwanga na kunipa mgongo. Safari hii mtoto ndiye anayeondoka, na mimi nabaki nyumbani kama wazazi wengine. Yatakayokuja nitayapokelea hapa hapa Ngokolo. Jana nilimwita Mama Sofia ndani, nikamwonyesha chale zangu, nikamwambia umri wangu. Alikunywa chai yote. Aliponyanyuka alisema atakusuka yeye mwenyewe leo, wala si binti yake. Sijui bado maana yake nini. Lakini nasikia mnavyocheka.

Una haki ya kukasirika. Kaa na hasira yako kadiri unavyotaka, sitakuharakisha. Ila iwe kwangu, isiwe kwake.

Kutoka Kibondo hadi Ujiji si mbali kwa basi. Shangazi yako Mwajuma, dada mkubwa wa baba yako, bado yuko hai, na anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Hajakuona tangu ulipokuwa mchanga. Ukipata likizo ya kwanza nenda ukamwamkie. Atakuuliza mama yako ana umri gani sasa. Mwambie ana miaka tisini. Atakutazama, nawe mwache akutazame. Kisha mwombe akusimulie mdogo wake alikuwaje akiwa mtoto, alicheza nini, alipenda kula nini, nani alimfundisha kazi ya miti. Hapo mimi sina ninalojua. Alipokuwa mdogo mimi nilikuwa mtu mzima, mbali naye, naosha changarawe, na baadaye tulipata miaka michache tu, sikumaliza kumuuliza.

Sikiliza vizuri, na ukirudi uje unihadithie.

Mama yako,
Nkwimba